Taa ya freni ikiwaka kwenye gari ya hibridi: isomwe kwanza mbele ya kuizima

Tuchukue mufano. Ni asubuhi Bukavu, gari imejaa abiria, iko inashuka toka Kadutu kuelekea katikati ya muji. Ghafla taa mbili za manjano zinawaka kwenye tablo: moja imeandikwa ABS, ingine iko na duara yenye alama ya mushangao ndani. Shofa anagusa pedali. Freni inashika sawa vile ilishika jana. Anasema moyoni: « Haina shida », anaendelea na kazi. Jioni anapita garaji, na pale anaambiwa: « Mukubwa, tutoe batri dakika kumi tu, itazimika yenyewe. » Batri inatolewa, taa inazimika, kila mutu anafurahi. Kesho yake gari inarudi barabarani na abiria wengine.

Kwenye gari ya kawaida, shofa aliweza kuamini muguu wake. Freni ikianza kuharibika, pedali inakuwa laini, inashuka chini, ama inakuwa nguvu kama jiwe. Kwenye gari ya hibridi kama Toyota Prius, muguu hauambiwi ukweli wote. Pedali inaweza kubaki sawa na jana, wakati mutambo unaotoa nguvu ya freni umekwisha kuanza kuchoka. Kwa gari hizi, habari ya kwanza ya ugonjwa inatoka kwenye taa ya tablo. Ndiyo maana kuizima bila kuisoma ni hatari.

GARI GANI ZINAHUSIKA?

Gari ya hibridi iko na moteri ya esansi na moteri ya umeme, zinafanya kazi pamoja. Zile zinazofika upande wetu wa mashariki mara mingi ni okazyo toka Japani, zikipitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Prius ya kizazi cha pili ilianza kutengenezwa mwaka 2003, namba yake ya shasi inaanza na NHW20. Ya kizazi cha tatu ilianza 2009, inaanza na ZVW30. Ile ndogo inayoitwa Aqua ilitoka mwisho wa 2011, inaanza na NHP10. Muzuri mwenye gari ajue namba hiyo, juu pyesi na namna ya kutengeneza freni havifanani toka kizazi kimoja mpaka kingine.

JUU YA NINI PEDALI HAISEMI YOTE?

Kwenye gari ya kawaida, muguu unasukuma mafuta ya freni, mafuta yanasukuma plaketi, plaketi zinakamata disiki. Moteri inatoa musaada kidogo, basi. Kwenye Prius njia hiyo iko, lakini siku zote imefungwa na vali za umeme. Shofa akikanyaga, kompyuta inapima tu nguvu aliyokanyaga nayo, kisha inaamua yenyewe.

Kwanza inaita moteri ya umeme. Moteri hiyo inageuka kuwa jenereta: inapunguza mwendo wa gari na papo hapo inarudisha umeme kwenye batri kubwa. Kama hiyo haitoshi, ama gari ikikaribia kusimama, kompyuta inaongeza freni ya mafuta. Presha ya mafuta haitoki kwenye muguu wa shofa. Inatoka kwa pompi ya umeme inayojaza kichupa cha chuma kinachoitwa akumulatere. Ndani ya kichupa hicho kuko gazi ya azoti na mafuta ya freni, kwa presha inayopita bari 100. Tairi ya gari ndogo iko na bari 2 hivi.

Na ile nguvu ambayo muguu unasikia? Inatoka kwa kifaa chenye rasori, kilichowekwa ili shofa asikie kama anakanyaga freni ya kawaida. Kwa hiyo, pompi ikianza kuchoka ama akumulatere ikianza kuvuja ndani, rasori ile haijui. Muguu unasikia muzuri mpaka siku presha inakosa.

Siku hiyo watengenezaji waliifikiria. Kompyuta ikiona presha imekosa, vali zinafunguka na muguu unaunganishwa moja kwa moja na mafuta. Lakini kwenye Prius ya kizazi cha pili, njia hiyo inafika kwenye magurudumu ya mbele tu, na bila musaada wowote. Lazima kukanyaga kwa nguvu zote, na gari inachukua nafasi ndefu sana mbele ya kusimama. Kwenye barabara tambarare bila watu, mutu anaweza kupona. Kwenye mutelemuko wa soko, ni jambo lingine.

NYEKUNDU NA MANJANO HAZISEMI KITU KIMOJA

Kila mara shofa anatia kontaki, taa zote za tablo zinawaka kwa sekunde chache, kisha zinazimika. Hiyo ni kawaida, gari inajipima. Matatizo ni taa inayobaki ama inayowaka gari ikitembea.

Taa ya ABS ya manjano ikiwaka peke yake, maana yake ile kazi ya kuzuia magurudumu yasifungwe kwenye utelezi haiko tena. Freni ya kawaida iko. Kwenye matope ama kwenye mvua, shofa apunguze mwendo na aache nafasi mbele yake.

Duara ya manjano yenye alama ya mushangao inasema kompyuta ya freni imeona kosa kwenye mutambo wake. Mara mingi inawaka pamoja na ABS na VSC, ile ya kuzuia gari isiteleze pembeni. Gari inaweza kutembea polepole mpaka garaji, lakini siyo kuendelea na kazi ya siku.

Taa nyekundu iko na maana tatu: freni ya kusimamishia gari haijaachiwa, mafuta ya freni yamepunguka, ama presha ya freni imekosa. Kama inawaka pamoja na zile za manjano na mulio unaoendelea bila kukatika, ni ile ya tatu ya kuogopa. Hapo gari inasimama pale pale pa usalama, abiria wanashuka, na inavutwa na gari ingine mpaka garaji. Prius haivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakigusa chini, juu yanazungusha moteri ya umeme na inaweza kuungua. Magurudumu ya mbele yainuliwe, ama gari yote ipandishwe juu ya lori.

KUTAFUTA UGONJWA: ANZA NA VYA BEI NDOGO

Makosa ya kwanza kwenye garaji mingi ni kurukia pyesi kubwa. Ile mutambo wa freni wenye pompi na vali ni moja ya pyesi za bei kali sana kwenye gari, karibu na batri kubwa. Mbele ya kufika pale, kuko mambo ya kuangalia, moja baada ya ingine.

La kwanza: freni ya kusimamishia. Kwenye Prius haiko ya mukono, ni pedali ndogo upande wa kushoto wa miguu ya shofa. Ikibaki imeshuka kidogo tu, taa nyekundu inawaka.

La pili: mafuta ya freni. Kichupa chake kiko chini ya kapo, na alama mbili, ya juu na ya chini. Kama mafuta yako chini, usimimine tu na kufunga. Uliza yameenda wapi. Plaketi zikiisha, mafuta yanashuka kidogo kidogo, hiyo ni kawaida. Lakini kama plaketi zingali nene na mafuta yamepunguka, kuko mahali yanavuja: angalia ndani ya kila gurudumu na kwenye mipira. Prius inatumia mafuta ya DOT 3. Mafuta ya moteri ama mafuta ya direksyo yanavimbisha mipira yote ya ndani, na kisha hapo mutambo muzima unaharibika. Maji yanachemka joto ikipanda, na freni inapotea. Hakuna « mafuta ya kusaidia njiani » kwenye freni.

La tatu: batri ndogo ya volti 12. Watu wengi wanafikiri gari ya hibridi iko na batri moja tu, ile kubwa. Hapana. Kwenye Prius NHW20 na ZVW30 kuko batri ndogo nyuma, upande wa kuume wa kofa, na ndiyo inaamsha kompyuta zote. Ikichoka, gari inaweza kuwasha taa za freni, ABS, VSC na zingine nyingi kwa mara moja, hasa asubuhi, ama kisha kulala siku kadhaa bila kutembea. Fundi apime na multimeta: gari ikiwa imezimwa na imepumzika, batri nzima inaonyesha volti 12,6 hivi. Ikiwa chini ya 12, ibadilishwe ama ichajiwe mbele ya kushitaki kitu kingine. Kisha gari ikiwashwa mpaka neno READY litokee, lazima kipimo kipande kwenye 14 hivi. Kisipopanda, batri haiko ya kulaumiwa, ni mutambo unaoichaji.

La ine: kaptere za magurudumu. Kila gurudumu iko na kijicho kinachosoma muzunguko wake, na waya unaotoka pale. Kwa barabara zetu, waya huo unateseka: mawe ya volkano ya Goma, matope, mabomba ya kuoshea gari. Waya ukikatika ama plagi ikiingia maji, ABS na VSC zinawaka, na freni yenyewe haina ugonjwa. Ni kazi ya kutengeneza kwa bei ndogo.

La tano: kode. Hapa ndipo kazi ya kweli inaanza. Chini ya tablo, upande wa shofa, kuko plagi ya skana. Lakini siyo kila skana inafaa. Zile ndogo za bei rahisi, zinazoongea na simu, mara mingi zinasoma moteri tu. Zinaweza kusema « hakuna kosa » wakati tablo inawaka nyekundu. Fundi lazima awe na skana inayoingia kwenye kompyuta ya freni ya Toyota. Mwenye gari aombe kode iandikwe kwenye karatasi mbele ya kufutwa. Akienda garaji ingine, karatasi ile ni kama fishi ya mugonjwa.

Hizi ni kode chache za kujua. C1241 inasema umeme wa volti 12 ni mudogo: rudi kwenye batri ndogo. C0200 ni kaptere ya gurudumu la mbele la kuume, C0205 ya mbele la kushoto. C1252 inasema pompi ya freni inafanya kazi muda murefu kupita kipimo. C1256 inasema presha ya akumulatere iko chini. C1391 inasema presha inavuja. Hizi tatu za mwisho ndizo za kuogopa, na zikija pamoja, ugonjwa mara mingi uko ndani ya mutambo wenyewe.

SIKIO LINAWEZA KUJUA MBELE YA TAA

Prius nzima, mulango wa shofa ukifunguliwa, inatoa sauti fupi ya pompi, kama mutu anayeguna. Presha inajazwa, pompi inanyamaza. Kisha kukanyaga freni mara kadhaa, inaguna tena kidogo.

Jaribu hivi mahali kimya: washa gari, weka kwenye P, toa muguu kwenye freni, usikilize. Kama pompi inaamka kila kisha sekunde chache bila mutu kugusa pedali, presha iko inavuja ndani, hata kama hakuna tone linaloonekana chini na hata kama taa haijawaka. Pompi inakimbizana na tundu. Itafanya hivyo wiki ama miezi, kisha itachoka. Mwenye gari anayesikia hivyo iko na nafasi ya kutafuta pyesi na pesa mbele ya siku mbaya.

MAZOEA YA GARAJI YA KUACHA

Kutoa batri ili taa izimike. Inaweza kuzimika kwa muda, juu kompyuta imesahau. Ugonjwa haujasahau.

Kufungua bomba la freni kama la gari ya kawaida. Presha ya akumulatere inaweza kurusha mafuta kwenye macho. Lazima itolewe kwanza kwa njia ya fabrika.

Kubadilisha plaketi huku mutu mwingine anafungua mulango wa shofa ama anagusa pedali. Pompi inaamka, piston inatoka, vidole vinabanwa. Kontaki izimwe, ufunguo uwekwe mbali na gari, na mulango wa shofa usiguswe mpaka kazi iishe.

Kutoa hewa kwa kupampu pedali na watu wawili. Kisha kubadilisha mutambo wa freni, hewa inatolewa kwa kuamrisha pompi na vali na skana, na kompyuta inafundishwa upya vipimo vya vali. Bila hiyo, hewa inabaki na taa inarudi.

Na kwa kazi yoyote: nyaya za rangi ya machungwa haziguswi. Zinabeba umeme wa batri kubwa, volti 200 hivi kwenye Prius hizi, na zaidi kwenye moteri. Unaua.

BUKAVU MPAKA UVIRA: MUTELEMUKO UNABADILI HESABU

Shofa wengi wanasifu kwamba plaketi za hibridi zinaishi muda murefu. Ni kweli, juu moteri ya umeme inafanya sehemu kubwa ya kazi. Lakini kuko ubaya wake: plaketi zisizofanya kazi sana zinashika kutu, na vyuma vinavyotelezesha étrier vinakwama. Kwa muji wenye mvua mingi, vifunguliwe na kupakwa mafuta yake angalau mara moja kwa mwaka, hata kama plaketi zingali nene.

Tena, kuko mutelemuko. Ziwa Kivu liko karibu meta 1.460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika karibu meta 770. Mutu anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo anashuka karibu meta 700. Gari ya kilo 1.400, ikishuka kimo hicho, inatoa nguvu ya karibu kilowati-saa 2,7. Batri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu inabeba karibu 1,3 tu, na mara mingi iko na umeme ndani tayari. Basi inajaa mbele ya kufika bondeni. Ikijaa, moteri ya umeme haiwezi tena kusaidia, na muzigo wote unaangukia plaketi na presha ya mafuta. Ni vile vile kwa mutelemuko wa Kabasha, toka Kanyabayonga kuelekea Rwindi.

Kwa hiyo, mwanzo wa mutelemuko, weka leva kwenye B. B hiyo haina maana ya « batri ». Inafanya moteri ya esansi izuie gari, na freni inapumzika. Kwenye barabara tambarare haina faida. Na gari yenye taa ya manjano haishuki Ngomo, hata kama abiria wamekwisha kulipa.

Kama taa nyekundu na mulio vinakuja katikati ya mutelemuko: usipampu pedali, juu kila kukanyaga kunakula presha kidogo iliyobaki. Kanyaga mara moja, kwa nguvu, na ushikilie. Weka B. Usizime gari ikingali inatembea. Freni ya kusimamishia ikanyagwe polepole, juu inashika magurudumu ya nyuma tu. Elekea upande wa mulima, siyo upande wa bonde.

WAKATI WA KUNUNUA

Mwaka 2010, Toyota iliita magari ya hibridi zaidi ya 400.000 duniani, kati yake Prius mupya ya wakati ule, ili kubadilisha programu ya ABS. Mwaka 2013 iliita tena 242.000 hivi, Prius na Lexus HS 250h zilizotengenezwa 2009, juu akumulatere iliweza kupasuka kidogo, gazi ikaingia kwenye mafuta ya freni na pedali ikashuka. Gari za miaka hiyo zingali zinauzwa okazyo. Mwenye kununua ZVW30 ya 2009 aulize kama kazi hiyo ilifanywa. Namba ya shasi inaruhusu wakala wa Toyota kuangalia.

Kisha aangalie tablo kwa macho yake. Atie kontaki, ahesabu taa: ABS lazima iwake, taa ya freni lazima iwake, kisha zizimike. Taa ambayo haiwaki hata kidogo ni mbaya kupita ile inayobaki, juu inaweza kuwa imefunikwa ama imekatwa ili mununuzi asiione. Asikilize pompi. Afungue kapo aone rangi ya mafuta ya freni: kama ni meusi, hayajabadilishwa muda murefu.

Na kama anauziwa mutambo wa freni uliotolewa kwenye gari ingine, akumbuke uko na umri sawa na ule uliokufa. Ausikilize kwanza kwenye gari ulikotoka, kama gari hiyo ingali inaweza kuwashwa, mbele ya kutoa pesa.